Mlima Wenye Maua Si Ardhi ya Bure: Somo la Okidi za Kitulo kwa Mkulima Kijana wa Viazi

Leo tunaacha kidogo mambo ya ukungu na bei za sokoni, tunaongelea maua. Usikimbie kwanza. Ukifika mwisho wa somo utaona kwamba nilikuwa naongelea mfuko wako.

Kila mwaka mvua zikikaribia napokea swali moja kutoka kwa vijana wa nyanda za juu. Wa mwisho kuniuliza alinipigia simu jioni: "Shikamoo bwana shamba. Kuna mlima umekaa bure huku kwetu, ni nyasi tupu. Kijiji kinataka kugawa. Nichukue ekari tano niweke viazi?" Nikamwuliza, "Mwezi wa pili huo mlima unakuwaje?" Akacheka. "Ah, unajaa maua tu bwana shamba, mekundu, meupe, ya zambarau. Watoto wanapenda kuchezea huko."

Basi mlima huo haujakaa bure, una mwenyewe. Somo la leo linamhusu mwenyewe huyo: ni nani, hali yake ikoje, na kwa nini ekari zako tano zinaingia kwenye hesabu ya uhai wake.

Tunaongelea wapi

Uwanda wa Kitulo uko kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Sehemu kubwa iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Udongo wake umetokana na volkano, asubuhi kuna ukungu, na usiku wa kiangazi baridi hufikia kugandisha umande. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na jina hilo linaustahili. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 413. Katika Afrika ya kitropiki ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Nyingine tulizozoea zilianzishwa kwa ajili ya tembo na simba. Hii ilianzishwa kwa ajili ya maua.

Ndani yake kumeorodheshwa aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni okidi. Msimu wa maua unaanza mvua zinaposhika, takriban Desemba, na kwenda mpaka Aprili. Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57 mwezi Februari, utaelewa ninachosema.

Ila okidi hazijui mpaka wa hifadhi. Zinaota pia kwenye nyasi za vijiji vya Makete, Mbarali, Mbeya na Rungwe, na kwenye milima mingine ya nyasi hadi kusini zaidi. Huko nje ya hifadhi hakuna askari wala geti. Huko ndiko wewe unakolima, na huko ndiko zinakopotea.

Utaitambuaje okidi ya nyasi

Watu wengi wakisikia okidi wanawaza maua ya dukani yanayoning'inia kwenye magogo. Hizi zetu zinaota ardhini katikati ya majani. Makundi matatu ndiyo yanayochimbwa zaidi, na ni vizuri uyajue kwa macho:

1. Satyrium. Maua yamepangana kwenye bua kama hindi. Geuza ua moja ulitazame kwa nyuma, utaona vimikia viwili vinaning'inia. Ukiona vimikia viwili, hiyo ni Satyrium.

2. Disa. Ua lina kitu kama kofia kwa juu, na kwenye kofia hiyo kuna mkia mmoja. Rangi ni nyingi: waridi, nyekundu, chungwa, zambarau.

3. Habenaria. Mara nyingi ni ya kijani au nyeupe, ina vipande vyembamba kama nyuzi, na mkia mmoja ambao kwa baadhi ya aina ni mrefu sana. Nyeupe nyingine hutoa harufu jioni kuwaita nondo.

Ukiufukua mmea (tafadhali usifukue, naeleza tu) utakuta viazi viwili vidogo. Kimoja kimenyauka, kingine kigumu na kimejaa. Kilichonyauka ni cha mwaka jana, ndicho kilicholisha jani na ua la mwaka huu. Kigumu ni akiba ya mwaka kesho. Mmea una ghala moja tu, na kila msimu unajenga ghala jipya kabla la zamani halijaisha.

Mkulima wa viazi, linganisha hapo. Kiazi mviringo ukikichimba kina wenzake wanane au kumi, na mbegu unabakiza. Okidi ukichukua kile kigumu umechukua mmea mzima. Kiazi kimoja ni mmea mmoja.

Kwa nini hairudi ukishalima

Hapa ndipo vijana wengi hunibishia. Wanasema, "Bwana shamba, si mbegu zinapeperuka? Nikiacha shamba miaka miwili zitaota tena." Mbegu zinapeperuka kweli. Tunda moja la okidi linaweza kubeba maelfu ya mbegu, laini kama unga. Tatizo ni kwamba mbegu hiyo haina chakula ndani yake. Punje ya mahindi imebeba unga wa kuanzia maisha, mbegu ya okidi haijabeba kitu.

Ili iote lazima iangukie mahali penye kuvu wa aina inayoelewana naye. Kuvu huyo anaingia ndani ya mbegu na kuilisha. Bila yeye mbegu inakufa. Akiwepo, mche mchanga unaishi chini ya udongo kwa muda mrefu kabla ya kutoa jani la kwanza, na inapita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza.

Sasa fikiria jembe limepita. Umegeuza udongo, umekata nyuzi za kuvu, umeweka mbolea ya chumvichumvi na kupiga dawa ya ukungu kila wiki. Umebadilisha nyumba nzima. Baada ya miaka mitatu ukiacha shamba, majani ya kwanza kurudi ni magugu yale yale ya shambani. Kutoka juu utaona kijani na utadhani mlima umepona, lakini okidi hazimo. Ndiyo maana watu wa mimea wanasema nyasi za asili zilizolimwa si rahisi kurudi kuwa nyasi za asili.

Maadui watatu

*La kwanza, jembe.* Viazi vinalipa, na miji inavitaka kwa chipsi. Ardhi ya chini imechoka au imejaa mnyauko bakteria, kwa hiyo mkulima anapanda juu akitafuta udongo mpya. Ekari moja ya kijana mmoja ni kitu kidogo. Vijana 200 wakifanya hivyo katika kata moja, mlima umekwisha.

*La pili, gunia.* Nchini Zambia kuna chakula kinachopendwa kinaitwa chikanda, au kinaka. Viazi vya okidi vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa pamoja na karanga zilizosagwa na pilipili mpaka vinakuwa kama mkate mzito unaokatwa vipande. Ni chakula cha heshima, na simlaumu anayekila. Ila zamani kilikuwa chakula cha vijijini na cha msimu. Kilipoingia mijini na kuwa biashara, okidi za Zambia zikapungua, na wanunuzi wakavuka mpaka kuja kwetu. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Kumbuka hesabu yetu: kiazi kimoja ni mmea mmoja. Tena mchimbaji anauona mmea ukiwa na jani au ua, kwa hiyo anachimba kabla mbegu hazijakomaa. Anachukua mama na watoto wake kwa mkupuo mmoja.

*La tatu litawashangaza: miti.* Tumefundishwa tangu shuleni kwamba kupanda miti ni kutunza mazingira, na sehemu nyingi ni kweli. Lakini okidi za Kitulo ni watoto wa jua. Ukipanda paina, mikaratusi au miwati juu ya nyasi za asili, kivuli kinafunga na majani ya paina yanatanda chini. Baada ya miaka michache hakuna ua. Mlima unaonekana wa kijani zaidi, na picha ni nzuri, huku wenyeji wake wakiwa wamekufa. Panda miti ya mbao, sikukatazi, ila ipande kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa au kuchoka. Usiipande juu ya nyasi ambazo hazijawahi kuguswa.

"Hadhi ya uhifadhi" inasomwaje

Mtasikia mtu anasema ua fulani "liko hatarini kutoweka". Hayo hayasemwi kwa hisia. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, una Orodha Nyekundu yenye vipimo. Kama unavyopanga viazi kwa daraja, nao wanapanga viumbe kwa daraja. Kutoka hali nzuri kwenda mbaya:

- haina wasiwasi mkubwa
- inakaribia kuwa hatarini
- iko hatarini kiasi
- iko hatarini
- iko hatarini sana
- imetoweka porini
- imetoweka kabisa

Yako na makapu mawili ya pembeni. Moja ni "taarifa hazitoshi", jingine ni "haijatathminiwa". Hapa naomba msikilize vizuri, maana ndipo watu hukosea. "Haijatathminiwa" haina maana kwamba mmea uko salama. Ina maana hakuna aliyekaa chini kuuhesabu. Ni kama shamba ambalo hujapima udongo: huwezi kusema lina rutuba, huwezi kusema halina.

Vipimo vyenyewe vinaeleweka. Nitaje viwili.

Kipimo cha kupungua. Wanaangalia miaka 10 iliyopita au vizazi vitatu vya mmea, wanachukua muda ulio mrefu zaidi. Ukipungua kwa asilimia 30 au zaidi, uko hatarini kiasi. Asilimia 50, uko hatarini. Asilimia 80, uko hatarini sana. Okidi inachukua miaka mingi kukua, kwa hiyo vizazi vitatu vyake vinaweza kupita miaka 10. Mlima uliolimwa wakati ukiwa shule ya msingi bado uko kwenye hesabu ya leo.

Kipimo cha eneo. Ramani inagawanywa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, halafu unahesabiwa ile miraba ambayo mmea unapatikana. Jumla ikiwa chini ya kilomita za mraba 500, na mmea una dalili nyingine za shida, kwa mfano makazi yake yanaendelea kupungua na uko sehemu chache tu, unaingia daraja la "iko hatarini". Ikiwa chini ya kilomita za mraba 10 pamoja na dalili hizo, ni "iko hatarini sana".

Sasa geuza kwa lugha yetu. Kilomita za mraba 10 ni ekari 2,470 hivi. Hifadhi nzima ya Kitulo, yenye kilomita za mraba 413, ni ndogo kuliko kile kikomo cha 500. Maana yake, ua linaloota Kitulo na milima ya jirani tu halina mahali pa kukimbilia. Miraba yake michache ikilimwa, linashuka daraja. Nani analima miraba hiyo? Ni sisi, ekari mbili hapa, ekari tano pale.

Ndiyo maana nasema hadhi ya ua hili haiamuliwi Ulaya kwenye ofisi ya wataalamu. Wao wanaandika tu. Inaamuliwa kwenye mkutano wa kijiji unaogawa mlima, na kwako wewe unaponyoosha mkono kuomba kipande.

Tufanye hesabu ya biashara

Mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni kipato chako. Kwa hiyo nisiongee kama askari wa hifadhi, tufungue daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Chukua mfano huu. Namba ni za mfano tu, wewe weka zako. Una ekari 2 unazovuna magunia 30 kwa ekari, gunia la kilo 100 lililopimwa kwa mizani, si lumbesa. Jumla magunia 60. Unataka 120. Una njia mbili.

*Njia A: kufungua ekari 2 mpya mlimani.* Gharama zako zote zinakuwa mara mbili: mbegu, mbolea, dawa, vibarua wa kulima, kupalilia na kuvuna. Ongeza kung'oa nyasi zenye mizizi mizito, kazi ambayo kila kibarua anaidai bei ya juu. Ongeza kubeba mazao kutoka mlimani hadi barabarani. Nyasi mpya pia zina sota na minyoo ya udongoni wanaokata miche na kutoboa viazi. Msimu wa kwanza na wa pili utapata vizuri kwa sababu mboji ya miaka mingi inaoza na kulisha mimea. Halafu mvua inaosha mteremko, mboji inaisha, na unarudi kwenye magunia 30. Unaanza kutafuta mlima mwingine.

*Njia B: kutoa magunia 60 kwenye ekari ile ile.* Hii ni tani 6 kwa ekari, si ndoto. Mbegu bora na usimamizi mzuri vinaweza kukufikisha hapo na zaidi. Gharama inayoongezeka ni mbegu iliyothibitishwa, kupima udongo, mbolea sahihi na dawa kwa wakati. Kulima na umbali wa barabara vinabaki vile vile.

Andika njia zote mbili kwenye ukurasa mmoja, gharama kwa gharama. Wengi niliokaa nao tukaandika waliona wenyewe, bila mimi kusema neno, kwamba mlima ulikuwa unawakopesha msimu mmoja na kudai misimu mitano.

Kwa Njia B, mambo matano ya kushika:

1. Mbegu. Usirudie viazi vya kula kuwa mbegu mwaka baada ya mwaka. Magonjwa ya virusi yanajikusanya na mavuno yanashuka polepole bila wewe kujua. Tafuta mbegu iliyothibitishwa na TOSCI au mbegu ya daraja la kuazimiwa kutoka kwa mzalishaji anayejulikana. Asante, Sherekea na Meru ni aina za kuulizia. Kikondo ni ya siku nyingi na wengi mnaijua.

2. Mzunguko. Mnyauko bakteria ndio unaowafukuza wengi kwenda mlimani. Ukihama na mbegu yenye ugonjwa, unahama nao. Usipande viazi wala nyanya mahali pale pale. Zungusha na mahindi, ngano, shayiri au pareto angalau misimu mitatu, na ng'oa viazi maotea.

3. Udongo. Udongo wetu wa juu mara nyingi una asidi. Peleka sampuli TARI Uyole kabla ya kununua mbolea. Kama unahitaji chokaa na hujaweka, mbolea unayomwaga sehemu kubwa haimfikii mmea.

4. Nafasi. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea inakupa mimea karibu 18,000 kwa ekari. Hesabu mimea yako, wengi wana 12,000 na wanalaumu ardhi.

5. Ukungu. Kinga kabla hujauona. Ukishauona umefanya nusu ya shamba la jirani pia.

Kabla hujapokea kipande cha mlima

Kama bado unafikiria kuchukua, fanya haya kwanza:

*Kitembelee wakati wa maua.* Mkataba wa ardhi hufanywa kiangazi, wakati mlima umekauka na unaonekana kama hauna kitu. Okidi ziko chini zimelala. Subiri Januari mpaka Machi.

*Hesabu.* Funga kamba ya mita 50, tembea nayo, hesabu kila okidi iliyo ndani ya mita moja kulia na mita moja kushoto. Rudia sehemu tano. Piga picha ya ua kwa mbele na kwa nyuma ukiwa umewasha mahali kwenye simu. Huo ni ushahidi kamili, na wataalamu wa mimea wanauhitaji kwa yale makapu ya "haijatathminiwa".

*Angalia maji.* Nyasi za milima hii ni sponji. Mvua inanyonywa na kuachiwa taratibu kwenye vijito vinavyoshuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wenye vinyungu mabondeni, hilo linawahusu pia.

*Uliza mkutano mkuu wa kijiji.* Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kama kipande kimegawiwa kwa maneno ya watu watatu kwenye kilabu cha pombe, hiyo ardhi huna. Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na mlima huo umepangiwa nini. Kijana mwenye daftari la maua yaliyohesabiwa anaweza kusimama kwenye mkutano na kusema, "Huu tuuache uwe malisho na vyanzo vya maji," na akasikilizwa.

*Kama tayari unalima huko,* bakiza. Acha mistari ya nyasi za asili isiyolimwa kwa kufuata kontua, hasa juu ya shamba, kwenye mawe na kando ya maji. Zitazuia udongo wako usiteremke, na zitahifadhi wadudu wachavushaji. Usizipige dawa.

Maswali mnayoniuliza

*"Bwana shamba, kwani chikanda ni haramu?"* Kuchimba mmea wowote ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa. Kuhusu kuvusha mpaka, jamii yote ya okidi iko kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Kuzisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Gunia lisilo na kibali likikamatwa Tunduma, anayepoteza ni kijana aliyelibeba, si tajiri aliyelituma.

*"Kwa nini tusizilime kama viazi?"* Swali zuri sana. Tatizo ni yule kuvu na ile miaka ya kusubiri. Kuotesha okidi hizi kunahitaji maabara na kuvu sahihi, si tuta na samadi. Mtu akikuuzia "mbegu ya chikanda" na kukuahidi mavuno msimu huu, funga pochi. Na ukihamisha mmea kutoka mlimani kwenda bustanini kwako, mara nyingi unafia mikononi mwako.

*"Sasa mlima usiolimwa unatulipa nini?"* Unalipa maji ya kumwagilia viazi vya kiangazi kule chini. Unalipa malisho ukichungwa kwa kiasi. Unalipa asali kwa mwenye mizinga. Unaweza pia kulipa kwa wageni: kuanzia Desemba hadi Aprili watu wanapanda Kitulo kutazama maua na ndege, na wanahitaji kijana anayejua kuonyesha Satyrium na Disa, sehemu ya kulala na chakula cha moto. Si fedha ya kutajirisha kijiji kizima, nisiwadanganye. Ila ni fedha inayorudi kila mwaka bila kununua mbolea.

*"Moto je?"* Kiazi cha okidi kikiwa kimelala chini kinaweza kuvumilia moto wa nyasi kupita juu. Moto unaowashwa mimea ikiwa imeshachipua, au unaorudiwa mara kwa mara, unaua. Msichome ovyo, na msichome bila utaratibu wa kijiji.

Kazi ya wiki hii

Nataka kila mmoja afanye mambo mawili. Kwanza, andika magunia uliyovuna kwa ekari msimu uliopita na gharama zake zote. Pili, tembea kwenye nyasi zilizo karibu na shamba lako, andika zimebaki ekari ngapi, na muulize mzee wa hapo zilikuwa ngapi wakati yeye ni kijana. Ukipata namba hizo mbili, utaweza kukisia mwenyewe kile kipimo cha asilimia 30, 50 na 80 kwa kijiji chako.

Yule kijana wa ekari tano naye nilimpa kazi hiyo hiyo. Mlima wao bado haujagawiwa, mkutano mkuu unakaa baada ya mavuno. Amesema ataenda na daftari.

Nileteeni namba zenu kwenye maoni hapo chini, tuzijadili pamoja. Somo lijalo tutaongelea kuchagua na kuhifadhi mbegu ya viazi ghalani bila kuoza. Mvua njema, na kazi njema.